CHAMBO GANI KITAMNASA PANYA?

Ni usiku, na watu wamelala. Taa imezimwa. Mara mbio zasikika darini, kisha kitu chaanguka jikoni. Asubuhi mama afungua mfuko wa unga wa muhogo, aona tundu pembeni na mavi madogo meusi ndani ya unga. Jana jioni baba alitega mtego. Mtego uko pale pale, haujafyatuka, na chambo kimekauka juu yake. Panya alipita kando, akaenda kula unga.

Watu wengi wa Nyawera wanaijua habari hii. Nyumba zetu zimekaribiana mlimani, na nyingi ni za mbao na mabati, zenye nafasi nyingi za kupita mnyama mdogo. Soko li karibu. Penye soko pana mabaki ya chakula, na penye mabaki ya chakula panya hawakosi. Wengine husema, “Panya wa siku hizi husikia tukisema habari za mtego.” Wengine hudhani wametumwa na adui. Sivyo. Panya ana tabia zake, na mtu azijuaye tabia hizo ataweza kumshinda. Ndugu msomaji, katika somo hili tutajifunza jinsi ya kuchagua chambo, jinsi ya kukitumia, na kwa nini sumu ni jambo la kuogopwa katika nyumba yenye watoto.

1. HASARA NA MAGONJWA

Panya mmoja wa nyumbani hula kama gramu 15 za chakula kila siku. Ni kidogo, waweza kukishika kiganjani. Lakini ukihesabu mwaka mzima, ni kilo tano na nusu. Nyumba yenye panya kumi itapoteza karibu kilo 55, yaani zaidi ya gunia la kilo 50. Tena hicho ni chakula alichokula tu. Chakula alichokojolea na kukichafua ni zaidi.

Wala hawakai kumi. Panya jike hubeba mimba siku 21 hadi 23 tu, naye huzaa watoto watano hadi wanane kwa mara moja. Baada ya miezi michache watoto hao nao huanza kuzaa. Kwa hiyo mtu anayenasa panya mmoja kwa mwezi hajafanya kazi yo yote. Yafaa kuwanasa wengi kwa muda mfupi.

Panya huleta magonjwa pia. Mkojo wake ukiingia katika maji, katika chakula au katika kidonda, waweza kuleta homa kali inayoharibu ini na figo. Mwezi wa Julai 2022, katika mkoa wa Lindi huko Tanzania, watu 20 waliugua homa ya namna hiyo, na watatu kati yao wakafa. Watu waliuita ugonjwa huo homa ya Mgunda. Mavi ya panya yaweza kuleta kuhara. Naye huuma watoto wachanga usiku, hasa vidole na midomo yenye harufu ya chakula. Mtoto akiumwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha mpeleke kwa mganga, maana huenda akahitaji sindano ya kuzuia pepopunda.

Ugonjwa unaojulikana zaidi ni tauni. Katika nchi yetu tauni imekuwako miaka mingi huko Ituri. Mwaka 1894 daktari Alexandre Yersin aliona vijidudu vya tauni huko Hong Kong. Mwaka 1898 daktari Paul-Louis Simond, akiwa Karachi, alionyesha kwamba viroboto ndio wanaouchukua ugonjwa kutoka kwa panya. Kumbuka neno hili la viroboto, tutalirudia.

2. TABIA ZA PANYA

Kabla ya kuuliza “Nitumie chambo gani?”, yatupasa kujua tunamtega nani.

Mgeni wa kwanza ni panya wa darini. Ana mkia mrefu kuliko mwili wake, na masikio makubwa. Hupanda kuta, kamba na miti bila shida. Mavi yake ni marefu kuliko punje ya mchele. Mgeni wa pili ni panya mdogo wa nyumbani, ambaye mavi yake ni madogo kuliko punje ya mchele. Yeye hupita katika tundu lisilozidi unene wa penseli.

Panya mkubwa huogopa kila kitu kipya. Ukiweka mtego leo mahali ambapo jana hapakuwa na kitu, atauzunguka siku tatu au nne, hata wiki nzima, bila kuugusa. Hii ndiyo sababu kubwa ya mitego kushindwa. Hakusikia maneno yako. Panya mdogo ni kinyume chake: apenda kuchungulia vitu vipya. Basi yeye hunaswa usiku wa kwanza, na mkubwa hubaki.

Panya mkubwa huonja kwanza. Hula kidogo sana cha chakula asichokijua, kisha hungoja. Akijisikia vibaya, hatakigusa tena. Yeye hawezi kutapika, kwa hiyo uangalifu ndio ulinzi wake.

Tena panya hapiti katikati ya chumba akiweza kuepuka. Hufuata ukuta, sharubu zake zikigusa, na kila usiku hurudia njia ile ile. Angalia kando ya ukuta na juu ya boriti: utaona alama nyeusi za mafuta ya manyoya yake. Hiyo ndiyo barabara yake.

3. CHAMBO KIZURI

Hakuna chambo kimoja kinachofaa katika nyumba zote. Chambo kizuri kina mambo manne: panya amekizoea, kina harufu ya kuvuta, kinashikamana na mtego, na ni bora kuliko chakula kingine anachoweza kupata usiku ule.

Karanga. Kaanga karanga, zisage mpaka ziwe laini kama uji mzito, upake kidogo. Zina mafuta na harufu nzuri, nazo hunata, hata panya hawezi kunyakua na kukimbia. Lazima alambe na kuvuta, na mtego utafyatuka. Kama hujui pa kuanzia, anza na karanga.

Sambaza au ndagala mkavu. Choma kidogo juu ya moto ili harufu itoke. Mfunge kwa uzi juu ya mtego. Usipomfunga, panya atamchukua na kukuachia mtego mtupu.

Ndizi iliyoiva, au avoka. Panya wa darini apenda sana matunda. Katika kiangazi, tangu Juni hata Agosti, maji yanapokuwa machache nyumbani, kitu chenye majimaji humvuta zaidi, maana panya mkubwa lazima apate maji kila siku. Lakini tunda huoza upesi. Libadilishe kila jioni.

Muhogo au mahindi yaliyokaangwa kwa mawese. Hiki ni chambo chema katika nyumba ambamo panya wamezoea kula unga au nafaka.

Pamba au uzi. Panya jike akaribiapo kuzaa hutafuta vitu laini vya kutengenezea kiota. Kipande cha pamba kilichofungwa mtegoni humnasa hata akiwa ameshiba.

Jibini je? Picha za vitabu vya watoto huonyesha panya akila jibini. Usipoteze fedha zako. Panya hupenda zaidi nafaka, karanga na matunda. Huko Morogoro, Tanzania, tangu mwaka 2000, watu wa shirika la APOPO hufundisha panya buku kutambua harufu ya mabomu yaliyofichwa ardhini, na baadaye hata harufu ya kifua kikuu katika makohozi. Panya akifanya vema hupewa mshahara wake. Mshahara huo ni ndizi na karanga. Kama chakula hicho chaweza kumfanya panya afanye kazi, bila shaka chaweza kumleta mtegoni.

4. WAULIZE PANYA WENYEWE

Iko njia rahisi ya kujua panya wako wanapenda nini. Jioni, funika vyakula vyote vya nyumba. Kata vipande vitano vya jani la mgomba. Juu ya kila kipande weka chakula kimoja, kiasi cha haragwe tu: karanga, sambaza, ndizi, avoka na muhogo wa mawese. Vipange kando ya ukuta, mahali wanapopita, umbali wa hatua moja moja. Usitie sumu. Usitege mtego.

Asubuhi angalia kilichokwisha na kilichobaki. Usiku wa pili badilisha nafasi zao, kwa sababu kilicho karibu na tundu huliwa kwanza hata kama si bora. Fanya hivi usiku tatu. Chakula kilicholiwa kila mara, po pote ulipokiweka, ndicho chambo chako.

Jaribio hili lina faida nyingine. Kwa siku hizo tatu panya wamezoea kula mahali pale bila kudhurika. Sasa wako tayari kwa mtego.

5. JINSI YA KUTEGA

Kwanza, weka mitego kwa muda wa siku nne ikiwa na chambo, lakini bila kuitega. Acha panya wale wakizoee chuma na ubao. Wengi huona jambo hili ni upumbavu: “Je, niwalishe panya?” Ndiyo, walishe. Mvuvi naye hutupa chakula majini kwanza.

Pili, siku ya tano tega yote kwa pamoja. Mtego mmoja hautoshi. Nyumba ya vyumba viwili yahitaji mitego sita au zaidi. Kama huna, azima kwa jirani, naye ataazima kwako juma lijalo.

Tatu, weka mtego kando ya ukuta, ule upande wa chambo ukigusa ukuta. Kwa panya wa darini, ufunge juu ya boriti au juu ya ukuta, pale penye alama za manyoya.

Nne, chambo kiwe kidogo, kiasi cha punje ya haragwe. Chambo kikubwa humwezesha kula pembeni bila kufyatua.

Tano, chambo kiwe kipya. Usiweke mtego karibu na petroli au dawa ya wadudu.

Sita, mtoto asifikie. Mtego wa chuma waweza kuvunja kidole.

Asubuhi, usimshike panya aliyekufa kwa mkono mtupu. Vaa mfuko wa nailoni mkononi, mtie ndani, kisha mfukie katika shimo la kina cha kufika gotini. Osha mikono kwa sabuni. Usimtupe barabarani wala mtoni.

6. HABARI YA SUMU

Sasa tufikie jambo zito. Watu wengi huacha mtego na kununua sumu, kwa sababu ni rahisi. Hebu tuwaze nyumba mbili.

Katika nyumba ya kwanza mama amenunua kikaratasi cha unga mweusi kwa mchuuzi wa njiani. Hakina jina wala maandiko. Ameuchanganya na sambaza na ugali, akauweka kisahanini chini ya kitanda. Usiku panya ameonja, ameumwa tumbo, hakurudi tena. Asubuhi mama amekwenda sokoni. Mtoto wa miaka miwili ametambaa chini ya kitanda, ameona sambaza. Katika nyumba ya pili mama ametega mitego sita yenye karanga. Amekawia juma moja zaidi kuliko jirani yake. Lakini panya wamekwisha, na mtoto ni mzima.

Kitu kinachomvuta panya humvuta mtoto pia. Chambo kizuri kilichotiwa sumu ni chakula kizuri machoni pa mtoto. Pia chaweza kuliwa na kuku, paka, mbwa, au na simbilisi, ambao wengi wetu huwaita dende na kuwafuga jikoni.

Ziko sumu za namna mbili zinazotumika sana. Ya kwanza huua upesi, kwa muda wa saa chache. Mojawapo ni unga wa kijivu au mweusi, wenye harufu kama ya kitunguu saumu, unaotoa hewa ya sumu tumboni. Panya anayeonja kidogo huugua, hupona, na hatakigusa tena chakula kile. Ndiyo maana watu husema, “Sumu hii ilifanya kazi siku moja tu.” Ya pili huzuia damu isigande, na panya hufa baada ya siku kadhaa kwa kutoka damu ndani ya mwili. Warfarin, iliyo ya kwanza ya namna hii, ilianza kutumika kwa panya mwaka 1948. Kwa kuwa haumwi mara moja, panya hashuku chambo. Kwa kuua panya, hii ya pili ni bora. Mganga anayo dawa ya kusaidia mtu aliyeila, nayo ni vitamini K. Sumu ya unga mweusi haina dawa ya kuivunja nguvu.

Ikiwa huna budi kutumia sumu, shika sheria hizi:

(a) Nunua yenye jina na maandiko tu. Usinunue kikaratasi kisicho na jina.
(b) Usichanganye sumu na chakula cha watu: mkate, andazi, samaki au ugali. Tumia ile iliyotengenezwa tayari na kupakwa rangi.
(c) Iweke ndani ya bomba au sanduku lenye tundu dogo, lililofungwa imara, mahali ambapo mtoto na kuku hawafiki.
(d) Usiiweke katika chupa ya soda wala kopo la chakula. Usiipime kwa kijiko cha nyumba.
(e) Tafuta panya waliokufa kila siku, uwafukie. Paka akiwala aweza kufa.

7. MTU AKILA SUMU

Mpeleke hospitali mara hiyo hiyo, hata kama haonyeshi dalili. Aliyekula sumu ya kuzuia damu aweza kucheza na kucheka siku mbili au tatu, kisha aanze kutoka damu puani, katika ufizi au katika mkojo. Usingoje.

Usimpe maziwa. Usimpe mawese wala mafuta yo yote. Watu wengi hufanya hivyo kwa upendo, lakini sumu nyingine huingia mwilini upesi zaidi pamoja na mafuta. Usimtapishe kwa nguvu wala kwa kidole. Akitapika mwenyewe, mlaze kwa ubavu, fungua milango na madirisha, wala usivute harufu ya matapishi. Chukua karatasi au kopo la sumu umwonyeshe mganga. Usifiche jambo hili kwa aibu. Mganga akijua jina la sumu, hatapoteza wakati.

8. PANYA WAKIFA WENYEWE

Tulisema tutarudi kwa viroboto. Ukiona panya wengi wamekufa nyumbani au mtaani, na hakuna mtu aliyetia sumu, usifurahi. Huenda ni tauni. Panya akifa na kupoa, viroboto humwacha, nao hutafuta mwili mwingine wenye joto, yaani wewe. Kwa sababu hii, penye tauni hatuanzi kwa kuua panya. Twaanza kwa dawa ya kuua viroboto, ndipo panya.

Basi usiwaguse. Watoe watoto mahali pale, upeleke habari katika kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na mtu ye yote mwenye homa kali ya ghafula na uvimbe wenye maumivu kwenye kinena, kwapa au shingo, aende hospitali bila kungoja. Tauni ina dawa, nayo huponya ikitolewa mapema.

9. CHAMBO NA CHAKULA CHA NYUMBA

Mtu aweza kuchagua chambo bora, akakitega vema, na bado akashindwa. Kwa nini? Kwa sababu sufuria yenye ukoko wa ugali iliachwa sakafuni. Chambo chako chashindana na kila chakula kilicho wazi. Panya mwenye njaa hunaswa. Panya aliyeshiba huchagua.

Kwa hiyo weka unga, maharage na karanga katika ndoo au pipa lenye kifuniko. Osha vyombo kabla ya kulala. Funika maji. Takataka zitiwe shimoni au katika pipa lililofunikwa. Inua magunia juu ya vichanja, mbali na ukuta kidogo. Ziba matundu kwa saruji, bati au vipande vya chupa vilivyochanganywa na udongo, maana panya hutafuna mbao na nguo. Paka husaidia, lakini paka peke yake hawezi kumaliza panya wa nyumba yenye chakula wazi.

Tena, ongea na jirani zako. Ukitega peke yako, panya wa nyumba ya pili watahamia kwako. Nyumba kumi zikitega katika juma moja, na kufunika vyakula katika juma hilo hilo, panya hawatakuwa na pa kukimbilia.

MASWALI

1. Kwa nini panya mkubwa hagusi mtego usiku wa kwanza?
2. Utajuaje chambo kinachopendwa na panya wa nyumba yako?
3. Kwa nini sambaza afungwe kwa uzi?
4. Mtoto amekula sumu ya panya, jirani analeta mawese. Utamwambia nini?
5. Leo usiku, kabla ya kulala, ni chakula gani nyumbani mwako hakijafunikwa?

Swali la tano lijibu kwa kusimama na kwenda kuangalia jikoni.